Maji Chini ya Mchanga wa Kigamboni

Haya wajukuu, sogeeni karibu. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina mchanga, ina maji, na ina bahari inayonyemelea.

Kwanza nileteeni ndoo ya lita 20. Ijazeni mchanga mkavu mpaka ukingoni. Imejaa? Mtasema imejaa. Basi chukueni kopo, mimineni maji polepole. Lita ya kwanza inazama, ya pili inazama, hata ya tano inazama. Ndoo itameza lita 6, pengine 7, ndipo maji yaanze kuonekana juu. Yalikuwa yakienda wapi? Kati ya punje na punje mna nafasi, na kwenye mchanga safi nafasi hizo zikijumlishwa hukaribia theluthi ya ndoo.

Sasa twende Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Ardhi ya huko sehemu kubwa ni mchanga, uliopishana na matabaka ya udongo wa mfinyanzi. Masika yakinyesha, kati ya Machi na Mei, sehemu ya mvua huzama. Hushuka punje kwa punje mpaka igonge mfinyanzi, na hapo hukwama, maana mfinyanzi haupitishi maji kirahisi. Msidhani huko chini kuna mto au ziwa. Ni mchanga uliolowa tu, na ndiyo akiba ambayo watu huifuata wanapochimba kisima uani.

Kwa nini waifuate? Maji ya bomba ya Dar es Salaam hutegemea sana Mto Ruvu, na Ruvu ukipungua mji mzima huhangaika. Mwaka 2022 ulipungua, mji ukaingia kwenye mgao wa maji. Siku kama hizo mwenye kisima hulala usingizi.

Lakini mchanga hauna adabu. Toboa shimo ndani yake, mara kuta zinaporomoka. Jaribuni ufukweni muone. Fundi wa visima analijua hilo, kwa hiyo anachimba kwa tope. Huchanganya maji na udongo laini sana uitwao bentonaiti, akausukuma chini kupitia ndani ya bomba la kuchimbia. Tope hilo hurudi juu kwa nje ya bomba, likija na punje zilizochimbuliwa. Kwa kuwa ni zito, huzisukuma kuta za shimo zisianguke.

Hapa ndipo fundi hodari hujulikana. Kila baada ya mita chache huchota kiganja cha kinachotoka, hukisuuza, hukiweka kwenye turubai. Vilima vidogo vinapangwa mstari mmoja: mchanga wa kahawia, kisha mweupe laini, kisha mfinyanzi wa kijivu unaong'ang'ania vidoleni, kisha mchanga wenye chenga kubwa. Anaufikicha huo wa mwisho kati ya dole gumba na kidole, anatikisa kichwa kukubali. Punje zikiwa kubwa, maji hupita kwa wepesi. Hapo ndipo atakapoyapokea maji.

Sasa mabomba ya plastiki hushushwa. Ya juu hayana matundu, mafundi huyaita kesingi. La chini lina mianya myembamba, nalo huitwa skrini. Mmemwona bibi akikamua tui kwa kifumbu? Tui hupita, machicha hubaki. Skrini hufanya kazi hiyo hiyo: maji yaingie, mchanga ubaki nje. Ili kuisaidia, fundi humwaga changarawe safi kuizunguka. Kisha kompresa huwashwa, hewa hupulizwa ndani ya kisima, na tope la kahawia hurushwa nje. Hupulizwa na kupulizwa mpaka maji yatakate. Mwenye haraka akikatisha kazi hii, mchanga atakuja kuukuta kwenye pampu.

Bado sehemu ya juu. Mita za mwanzo, kati ya bomba na ukuta wa shimo, huzibwa kwa saruji au mfinyanzi, mdomo ukafunikwa kwa kifuniko kinachobana. Bila hivyo, maji machafu ya juu yatateremka na bomba mpaka chini. Na choo? Kiwe mbali, angalau mita 30, na kisima kiwe upande wa mwinuko. Viwanja vyetu vya mjini ni vidogo, choo cha jirani nacho kiko nyuma tu ya ukuta, kwa hiyo pimeni umbali kabla ya kuita mtambo wa kuchimbia.

Sasa ile bahari niliyowatajia. Maji ya chumvi yamejipenyeza chini ya ardhi ya pwani, na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yameelea juu yake. Lita moja ya maji baridi ina uzito wa gramu 1,000. Ya bahari ina gramu 1,025 hivi. Tofauti ni gramu 25, yaani sehemu moja katika 40. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa miaka ya 1880, na Mjerumani Herzberg mwaka 1901, aliyeshughulikia visima vya kisiwa cha Norderney, walionyesha maana ya hesabu hiyo. Kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huweza kushikilia mita 40 hivi za maji baridi chini ya usawa huo. Geuzeni hesabu: ukivuta mpaka maji yashuke mita 1 na yabaki hapo, chumvi yaweza kupanda mita 40. Ndiyo sababu kisima cha pwani huvutwa kidogo kidogo, pampu ikipewa muda wa kupumzika. Pampu kubwa kupita uwezo wa kisima huvuta mchanga leo na chumvi kesho.

Mkubwa wenu ana kazi ya kuita fundi, lakini nanyi mnaweza kuwa walinzi. Kila mwezi jazeni maji ya kisima kwenye chupa ya kioo, iacheni mpaka asubuhi. Mkikuta mchanga chini, huenda skrini imepasuka au pampu inavuta kupita kiasi. Maji yakigeuka mekundu baada ya kukaa, yana madini ya chuma. Yakianza kuwa na chumvi, semeni mapema, pampu ipunguzwe kasi. Harufu mbaya, au mafuriko yaliyofunika mdomo wa kisima, ni habari ya kumwita mtaalamu akitibu kwa klorini, kisha maji yapimwe maabara. Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, hata kwenye maji yanayong'aa. Hadi majibu yatoke, ya kunywa yachemsheni.

Jambo la mwisho. Kabla ya kuchimba, mzee wenu aulize ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kuhusu kibali, na amtafute mchimbaji mwenye leseni. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema rasilimali za maji ni mali ya umma. Shimo, bomba na pampu ni vya mwenye nyumba. Maji ni ya mtaa mzima, maana mchanga haujui ukuta wa uzio. Anayevuta bila kiasi huwakausha na kuwatilia chumvi majirani zake, nao wakimlipiza, hakuna atakayebaki na maji baridi. Vuteni kwa kiasi.