Kiwanja Rahisi, Nyumba Ghali: Bei za Makazi Pwani ya Lindi

Anayetoka Dar es Salaam akauliza bei ya kiwanja Kilwa Masoko hufurahi. Furaha hiyo humwisha akianza kuchimba msingi. Ardhi huku ni rahisi kuliko Dar, ila saruji, nondo na bati havijui hilo: vinapanda lori kama kawaida, na nauli ya lori inamwangukia mwenye nyumba. Kiwanda cha Dangote kilipofunguliwa Mtwara mwaka 2015, saruji ilipata njia ya pili ya kuja, kutoka kusini. Barabara lakini ni ile ile moja, ya pwani kati ya Dar na Mtwara, na Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili.

Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya mikoa imo zaidi katika ardhi, si katika kuta. Ndiyo maana vijijini nyumba za fito, udongo na makuti bado ni nyingi: vifaa vyake havilipiwi nauli. Hata waliojenga jumba la kale la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, walitumia mawe ya matumbawe na chokaa ya hapo hapo.

Na kesho je? Hapo madalali hutaja gesi. Mradi wa kuchakata gesi asilia Likong'o, karibu na mji wa Lindi, umekadiriwa kugharimu dola bilioni 42, na makubaliano ya awali yalisainiwa Juni 2022. Kusaini si kujenga. Mtwara waliwahi kuonja matumaini hayo: kampuni za gesi zilipomiminika, kodi za nyumba zikapaa; kampuni hizo zilipopunguza shughuli baada ya bei ya mafuta kuanguka duniani, wenye nyumba wakabaki na funguo. Kusini ina historia ya mambo haya. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufika hadi Nachingwea, ulivunjwa 1951.

Mimi ningetazama sensa kabla ya gesi. Mwaka 2012 Mkoa wa Lindi ulikuwa na watu 864,652. Mwaka 2022 walikuwa 1,194,028. Hilo ni ongezeko la asilimia 38 hivi, wakati Dar es Salaam iliongezeka kwa asilimia 23. Wakulima wa ufuta na korosho, wafugaji waliohamia, watumishi wa umma: hawa ndio wapangaji wa kweli, na wanatafuta chumba na sebule, si jumba la ufukweni. Ongeza bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2023, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 260. Naona viwanja vya Masoko vikipanda polepole, bila kishindo. Vya jirani na Likong'o vitapanda na kushuka kwa habari za redioni.

Kabla ya kutoa pesa, kumbuka kwamba ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Karatasi ya dalali haitoshi; nenda kwanza halmashauri ya kijiji. Na anayenunua akisubiri fidia ya mradi ajue kwamba fidia hufuata tathmini ya mthamini, wala si bei aliyoiota.