Injili ikikudai umlipe beste yako kabla ya sadaka

Kabla hujaosha uso, simu ishalia. Ni masomo ya siku, yametumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya vijana wa parokia: somo la kwanza, Zaburi, Injili. Kuna wanaoyasoma ndani ya matatu wakielekea kazini, na kuna wanaoandika "Amina" na kupita. Wengine huchagua mstari mmoja mtamu wakauweka kwenye status. Mara nyingi ni mstari wa baraka, milango kufunguka au maadui kuaibika. Ule wa deni haupostiwi na mtu.

Hapo ndipo masomo ya Misa yana noma yake: wewe huyachagui. Kanisa Katoliki liliyapanga upya baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kwa utaratibu ulioanza 1969. Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu. Siku za wiki katika Kipindi cha Kawaida, somo la kwanza hubadilika kwa zamu ya miaka miwili, lakini Injili hurudi ile ile kila mwaka. TikTok hukuletea unachopenda. Kalenda ya Misa haijui unapenda nini.

Chukua Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Kwaresima, Mathayo 5:20-26. Yesu anataja amri ya kutoua, kisha anasema hata hasira na matusi vina hukumu yake. Kwa vile Wakenya hurushiana maneno mitandaoni siasa ikichacha, hapo tu pangetosha kwa homilia nzima. Lakini anaendelea. Ukifika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kuna ndugu ana neno juu yako, iache hapo, nenda mpatane, ndipo urudi uitoe.

Isome polepole. Haongei juu ya ndugu aliyekukosea wewe. Ni yeye ndiye ana malalamiko dhidi yako. Sisi wengi tumeizoea kinyume: "Nimemsamehe, nimemwachia Mungu." Ni sawa, ila siku hiyo swali ni lingine. Nani anakulalamikia, na je, anasema ukweli?

Tuseme beste yako alikukopesha elfu tano za rent, na sasa imetimia miezi mitano. Akipiga simu unaiacha iite mpaka ikatike. Status umemfichia asione ulikuwa Naivasha wikendi. Fuliza hujikata yenyewe pesa zikiingia. Beste hana mtambo huo, ana aibu ya kukukumbusha tu. Kisha Jumapili unatia mia mbili kwenye kikapu. Kwa Injili hii, hiyo mia mbili ina mwenyewe, na hayuko madhabahuni.

Waliomsikiliza Yesu walikuwa wengi wa Galilaya, na madhabahu ya sadaka ilikuwa Yerusalemu. Hapo katikati ni zaidi ya kilomita 100, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Yaani mtu amefika na mnyama wake, amefika zamu yake, halafu anaambiwa amwache hapo arudi kijijini akapatane na jirani, kisha atembee tena. Wewe una simu na M-Pesa.

Kwenye Misa tunatakiana amani kabla ya Komunyo, lakini tunampa mkono aliye karibu. Tuliyemkosea huenda amekaa benchi tatu nyuma, au alihama parokia kwa sababu yetu. Wala kitubio hakifuti deni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inataka mtu afanye awezalo kurekebisha madhara, kwa mfano kurudisha alichoiba. Kama huna zote, peleka elfu moja na useme lini utaleta nyingine. Afadhali hiyo kuliko ujumbe mrefu wa mistari ya Biblia, ambao kusema kweli huudhi zaidi.

Kuna tahadhari moja, maana Injili hii imewahi kutumiwa vibaya. Msichana aliyepigwa na mpenzi wake si yeye anayeambiwa aache sadaka akatafute amani. Anayeambiwa ni aliyepiga. Mshauri wa jumuiya akimsukuma huyo dada arudi kwa jamaa "kwa sababu ya Injili", amesoma andiko kichwa chini.

Siku hiyo hiyo, somo la kwanza ni Ezekieli 18:21-28. Mwovu akigeuka, anaishi, na mabaya yake ya zamani hayakumbukwi. Watu wanalalamika kwamba njia ya Bwana si ya haki. Bila shaka waliolalamika sana ni wale waliokuwa wakidai.

Ukiikosa Kwaresima, Injili hiyo husomwa tena Alhamisi ya wiki ya 10 ya Kipindi cha Kawaida, mara nyingi mwezi wa Juni. Beste atakuwa bado anangoja.