Nanga Finnhamn: Umeme Ubaki wa Friji

Kuchemsha lita moja ya maji yenye nyuzi 15 kunahitaji nishati ya wati-saa 100. Namba hiyo huwabana wote wanaotia nanga Finnhamn au Sandhamn, katika visiwa karibu 30,000 vya Stockholm, mbali na waya wa gatini.

Chukua mashua ya tanga yenye betri moja ya risasi, volti 12, ampea-saa 100. Ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu miaka usiitumie zaidi ya nusu. Zimebaki 600. Friji hula ampea 4 hadi 5 kompresa inapozunguka. Ikizunguka saa 8 kwa siku, imekula wati-saa 430. Ongeza simu, pampu ya maji, taa za ndani na taa ya nanga, umefika 520. Betri inakaribia kwisha na hujapika chochote.

Sasa bandika maharage. Hata yakilowekwa usiku kucha, kuyatokosa saa moja na nusu kwa wati 300 ni wati-saa 450. Betri hiyo haiwezi kubeba friji na maharage siku moja. Lita moja ya spiriti, ambayo haifiki kilo moja, ina karibu wati-saa 6,000. Jiko likipoteza zaidi ya nusu, 2,500 hufika kwenye sufuria. Ungehitaji betri nne kama ile, kilo 100 hivi za risasi, kupata kiasi hicho.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba chungu kipikwe kwa moto. Stockholm yenyewe ndiko Frans Wilhelm Lindqvist alikobuni jiko la pampu la Primus, 1892, lile la mafuta ya taa lililoenea hadi nyumba za Afrika Mashariki. Gesi ina nguvu kuliko spiriti, lakini ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama kwenye ngama, na cheche moja inatosha kuua. Funga valvu ya mtungi kila umalizapo kupika.

Jua hufuata msimu. Juni, mchana ukipita saa 18, paneli ya wati 100 hutoa wati-saa 400 hivi anga likiwa safi. Septemba hutoa karibu nusu. Desemba haifiki hata sehemu ya kumi. Paneli mbili zinatosha kila kitu ila kupika Juni, ila Septemba zinalisha friji peke yake. Bahari ikipoa kama ndani ya friji, izime friji, maziwa na samaki uviweke chini kabisa, ubavuni mwa mashua unaoguswa na maji hayo baridi.