Deni Halipeleke Mutu Gerezani: Kazi ya Avoka Wakati Madeni Yanamulemea Mulimaji

Kila mwaka, mvua ikianza kuanguka, walimaji wa Likasi na wa territoire ya Kambove wanatafuta mbegu, mbolea na watu wa kusaidia kulima. Wengi hawana feza mukononi wakati huo, basi wanakopa. Mumoja anachukua mbolea kwa muuzaji, mwingine anakopa kwa koopeki, mwingine anaenda kwa wale tunaita Banque Lambert. Mahindi yakivunwa mwezi wa 4 ao wa 5, bei inashuka juu kila mutu anauza wakati mumoja. Hapo deni linaanza kula nyumba.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mulimaji anakopa dola 300 mwezi wa 11, na faida ya 30 juu ya 100 kila mwezi. Kufika mwezi wa 5, miezi 6 imepita. Faida peke yake ni dola 540. Ukiongeza zile 300, anadaiwa dola 840. Shamba halikuongeza hata gunia moja juu ya deni kuongezeka.

Mulimaji akifika pale, mara nyingi anafanya moja ya mambo mawili: anakimbia, ao anauza kila kitu usiku. Yote mawili yanamuharibia. Iko njia ya tatu, nayo ni ya sheria. Katika ukurasa huu tunaeleza namna avoka anaweza kumusaidia mutu kuipita, na juu ya nini inaomba kumuona mapema.

Deni ni deni, wizi ni wizi

Woga wa kwanza wa mwenye deni ni polisi. Mwenye kukopesha anaweza kwenda kushitaki na kusema: "Huyu ni escroc." Kisha convocation inafika nyumbani, na familia yote inatetemeka.

Ndugu mulimaji, ujue hivi. Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika article 61, inakataza kumufunga mutu juu ya deni. Ni katazo lenye halivunjwe hata wakati wa état d'urgence ao état de siège. Article 18 inasema polisi hawawezi kumushika mutu kupita saa 48 bila kumufikisha mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Article 19 inakupa haki ya kuwa na mutetezi wako, hata wakati polisi wanakuuliza maulizo.

Lakini tusidanganyane. Kama mutu alikopa kwa kuonyesha karatasi za uongo, ao aliuza mahindi ya wengine yenye aliachiwa kulinda katika depo, ile si deni tena. Inaweza kuitwa escroquerie ao abus de confiance, na hizo ni makosa yenye kuwa na gereza. Kazi ya kwanza ya avoka njo hii: kusoma karatasi, kusikia habari yote, na kuonyesha wazi kama jambo ni deni la kawaida ao ni kosa. Umwambie ukweli wote. Avoka amefungwa na siri ya kazi yake; hatapeleka maneno yako inje.

Tena kuna jambo la faida. Code pénal ya Kongo inahesabu usure kuwa kosa: mutu mwenye kutumia shida ao kutojua kwa mwenzake ili kumutoza faida yenye kupita kiasi, naye anaweza kushitakiwa. Avoka anaweza kuomba juji apunguze ile faida irudie kiasi cha kawaida. Hapo mara nyingine mwenye kukopesha mwenyewe anakubali kukaa chini na kuzungumuza.

Neno "faillite" linachanganya watu

Watu wanasema, "Nataka kutangaza faillite personnelle." Wasema hivyo bila kujua. Katika sheria ya OHADA, yenye inatumika Kongo tangu mwezi wa 9 mwaka 2012, faillite personnelle si musaada. Ni azabu. Tribinali inaitoa kwa mutu mwenye alificha mali ao aliharibu hesabu kwa makusudi, na inamukataza kufanya biashara kwa muda. Banqueroute inapita hapo: hiyo ni kosa la kupeleka mutu gerezani.

Kile mulimaji mwenye kulemewa anatafuta kina majina mengine. Kiko katika Acte uniforme ya madeni, yenye ilitengenezwa upya Grand-Bassam, Côte d'Ivoire, tarehe 10 mwezi wa 9 mwaka 2015. Zamani, sheria ya kikoloni ya mwaka 1934 iliangalia wafanyabiashara. Ile ya 2015 inaangalia kila mutu mwenye kufanya kazi yake mwenyewe, na neno "agricole" limeandikwa ndani. Mulimaji ameingia. Koperative yenu pia, kama kampuni ya sheria ya watu, imeingia.

Mwenye kuishi kwa mushahara tu, kama mwalimu ao mulinzi, haingii katika milango hii. Lakini yeye pia anaweza, kupitia avoka, kuomba juji amupe muda wa kulipa polepole. Sheria ya OHADA juu ya kulipisha madeni inaruhusu jambo hilo.

Milango iko mitatu, na ya kwanza inafungwa mbele

Mulango wa kwanza unaitwa conciliation, ni kusema mapatano. Ni wa mutu mwenye anaona shida inakuja lakini bado hajashindwa kabisa kulipa. Prezida wa tribinali anachagua mupatanishi. Muda wake ni miezi 3, na mwezi 1 wa kuongeza. Kila kitu kinafanyika kwa siri: majirani na wateja hawajue. Kwa mulimaji mwenye anataka kuendelea kupata mbolea kwa mukopo, siri hiyo ni mali.

Mulango wa pili ni règlement préventif. Hapa pia mutu hajaacha kulipa, lakini amelemewa. Tribinali inaweza kusimamisha wenye kudai wasiendelee kumufuata mumoja mumoja, wakati mupango wa kulipa unatengenezwa.

Mulango wa tatu ni wa mwenye ameshindwa: madeni yenye muda umefika yanapita feza na mali yenye anaweza kutumia sasa hivi. Sheria inamuomba apeleke habari hiyo tribinali katika siku 30. Kama kazi yake inaweza kuponywa, anapewa redressement judiciaire. Kama haiwezi, inakuwa liquidation des biens: mali inauzwa na wenye kudai wanagawanywa kwa mustari wa sheria. Kwa kazi ndogo, sheria ya 2015 imeweka njia fupi yenye karatasi chache. Mashamba mengi ya wanamemba wetu yako katika kundi hilo.

Mumeona maana ya siku. Mwenye kumuona avoka wakati mahindi yangali kwenye shamba ana milango yote mitatu. Mwenye kungojea mpaka huissier agonge nyumba, amebaki na mumoja.

Kesi zinapelekwa tribinali ya biashara. Fasi yenye haina tribinali hiyo, tribunal de grande instance inazipokea. Avoka njo atakuambia mulango gani wa kugonga.

Avoka anafanya nini kwa mikono yake

Anahesabu pamoja na wewe. Anaandika nani anadai, kiasi gani, tangu siku gani, na nani amesimama caution. Anaandika pia mali: pompe, mbuzi, magunia, kiwanja.

Anaangalia kama deni lenyewe ni la kweli. Kuna madeni yenye yamelipwa lakini karatasi haikurudishwa. Kuna sinyatire yenye mutu aliweka bila kusomewa.

Anaangalia karatasi ya kiwanja. Wengi wameacha fiche parcellaire mukononi mwa mwenye kukopesha na wanafikiri nyumba imeshaenda. Kushika karatasi si kushika nyumba. Hypothèque inaomba certificat d'enregistrement, na inaomba kuandikishwa kwenye biro ya serkali yenye kulinda hati za viwanja. Usitoke nyumbani kwako juu ya maneno ya mutu mbele avoka hajaona karatasi.

Anajibu kwa wakati. Ukipokea karatasi inaitwa injonction de payer, siku za kuipinga ni chache sana. Zikipita, karatasi ile inakuwa kama hukumu. Siku unaipokea, ile ile siku uende kwa avoka.

Anakinga vitu vya lazima. Hata saisie ikifika, sheria haikubali wachukue kila kitu: kuna vitu vya kulala, nguo na vyombo vya kazi vyenye havishikwe. Avoka anajua liste hiyo, na anajua namna ya kusimamisha huissier mwenye kupita mipaka.

Kisha anasema kwa niaba yako mbele ya wenye kudai na mbele ya juji, na anaandika mupango wenye unaweza kushika. Mupango mubaya unaahidi kulipa mwezi wa 1, wakati mulimaji hana kitu. Mupango muzuri unafuata mavuno.

Mambo yenye avoka hawezi kurudisha

Usifiche mali kwa shemeji. Usiuze pompe kwa bei ya bure ili isishikwe. Usimulipe rafiki mumoja na kuacha wengine, wakati umeshindwa tayari. Tribinali inaweza kuvunja mauzo na zawadi zilizofanyika katika muda huo, na matendo hayo njo yanaleta faillite personnelle.

Usiandike deni jipya la Banque Lambert ili kulipa la zamani.

Na usimuamini mutu mwenye kuahidi kwamba deni lote litafutika kesho. Liquidation inaweza kukuachia mukono mutupu, na inaomba kujua mapema nini kitabaki juu yako kisha. Muulize avoka swali hilo mbele ya kuweka sinyatire.

Kumupata avoka bila kuongeza deni lingine

Kwenye biro na mbele ya tribinali kuna watu wenye kuvaa vizuri na kujiita avoka. Omba kuona karte yake ya Barreau. Sheria ya tarehe 28 mwezi wa 9 mwaka 1979 juu ya kazi ya avoka inaweka pia défenseurs judiciaires, wenye kutetea watu mbele ya tribinali za karibu. Nao wanaweza kukusaidia, kama wako kwenye liste.

Mwenye hana uwezo anaweza kuomba Bureau ya consultation gratuite ya Barreau. Jitayarishe kuonyesha attestation d'indigence. Kama unalipa, elewana bei mbele, iandikwe, na uombe reçu kwa kila feza. Wanamemba watano wenye shida moja kwa muuzaji mumoja wanaweza kwenda pamoja na kugawana gharama.

Koperative ina nini ya kufanya

Walimaji wengi wanafika kwa avoka bila karatasi hata moja. Koperative ina cahier: mutu alileta magunia mangapi, kwa bei gani, alipewa mbolea ngapi. Ile cahier ni ushahidi mbele ya juji. Gérant aiandike vizuri, atie tarehe, na ampe mwanamemba kopi akiomba.

Tunaomba pia komite zisome kontra za caution kabla ya mbegu kutoka. Kama kundi la watu 10 limesimama kwa deni la mumoja, wote 10 wajue siku ile ile, si siku ya saisie.

Mwanamemba mwenye deni asione haya. Haya inamufungia mulango wa kwanza, na ule njo mulango wa bei rahisi. Aende kwa gérant mbele ya mavuno, achukue kopi ya cahier, akusanye kontra, reçu na convocation katika mufuko mumoja, kisha amuone avoka. Mufuko ule uwe tayari mwezi wa 3, wakati mahindi yangali mabichi.