Majani ya Mibuni Yakigeuka Manjano, Mkulima Aangalie Kwanza Chini ya Jani

Wakulima wa kahawa mkoani Songwe, hususan katika wilaya za Mbozi na Ileje, wanashauriwa kukagua upande wa chini wa majani ya mibuni kabla ya kununua dawa ya kutibu umanjano. Si kila jani la manjano lina kutu, na dawa ya kutu haiondoi upungufu wa virutubisho wala haiui mdudu.

Kutu ya majani husababishwa na ukungu uitwao Hemileia vastatrix, ule ule ulioangamiza kilimo cha kahawa cha Ceylon, sasa Sri Lanka, baada ya kuonekana huko mwaka 1869. Juu ya jani hutokea madoa ya manjano mpauko. Chini yake huwapo unga wa rangi ya chungwa unaobaki kidoleni ukipanguswa. Unga usipoonekana, sababu nyingine itafutwe. Majani ya zamani yanayopauka yote mara nyingi huashiria upungufu wa naitrojeni. Yakibaki na mishipa ya kijani, huenda ni magnesi. Mabaka ya kahawia yakibanduliwa na kukutwa viwavi wadogo, hiyo ni kazi ya kidomozi. Waridi la bustanini nalo hupata kutu, lakini ya ukungu mwingine usiohamia kwenye mibuni.

Kutu hupuuzwa kwa sababu hasara yake huchelewa. Mbuni ulioshambuliwa hupukutisha majani, ilhali matunda yaliyokwisha kukomaa huvunwa kama kawaida. Hata hivyo, mbuni huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na mti uliopoteza majani haukuzi matawi ya kutosha. Pigo kubwa, kwa hiyo, huangukia mavuno ya mwaka unaofuata.

Ukungu huu huota pale tu jani linapokuwa na maji, na huingia kupitia vitundu vya upande wa chini. Dawa zenye kopa huzuia maambukizi mapya. Haziponyi jani lililokwisha kuingiwa. Zinyunyiziwe tangu mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba au Desemba, na kurudiwa kama kibandiko kinavyoelekeza, bomba likielekezwe juu kutoka chini ya matawi. Anayenunua Tunduma, Mlowo au Vwawa ahakikishe dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Baada ya mavuno, mibuni ipogolewe na maotea yaondolewe ili hewa ipite na majani yakauke mapema.

Mibuni ya aina za zamani, kama N39 na KP423, hushambuliwa kwa urahisi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo chake Mbimba wilayani Mbozi, imezalisha aina chotara zenye ukinzani dhidi ya kutu na chulebuni. Mkulima anayepanga kung'oa mibuni iliyochoka awasiliane mapema na kituo hicho, au na afisa ugani wa kata yake, kuhusu upatikanaji wa miche.