Kabla Hujainoa Injini, Ikumbuke Barabara ya Ifo

Tuseme umefanya kazi Nairobi kwa miaka kadhaa, umejinyima mengi, na hatimaye umelipata gari ulilolitamani tangu ukiwa shuleni: Subaru Impreza WRX iliyotumika, kutoka Japani. Siku za kazi lakupeleka ofisini na kuwafikisha watoto shuleni. Mwisho wa mwezi lakupeleka Garissa kuwaamkua wazee, na mara nyingine mbele zaidi hadi Ifo, anakoishi shangazi yako. Sasa rafiki amekunong'oneza kwamba kuna fundi mwenye kompyuta ambaye kwa siku moja tu ataliongezea gari hilo nguvu. Malipo yake yangetosha karo ya muhula. Je, utoe pesa hizo?

Kabla hujajibu, ni vyema ujue unachouziwa.

NGUVU HUTOKA WAPI?

Injini hula vitu viwili, hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche. Ukiingiza hewa nyingi zaidi na petroli ya kutosha, na cheche ikatoka wakati ufaao, nguvu huongezeka. Magari kama WRX yana kifaa kiitwacho tabochaja, ambacho huisukuma hewa ndani ya injini. Kompyuta ya gari ndiyo huamua hewa isukumwe kiasi gani, petroli imwagwe kiasi gani, na cheche itoke lini.

Fundi wa kunoa injini huibadilisha hesabu hiyo. Wala si uchawi wala si uongo: nguvu hupatikana kweli. Lakini swali ni hili: nguvu hiyo ilikuwa imewekwa wapi kabla ya fundi kuitoa? Jibu ni kwamba ilikuwa akiba. Kiwanda huacha nafasi kwa ajili ya siku ya joto kali, petroli duni, filta iliyojaa vumbi na dereva asiyejali. Fundi anapokuongezea nguvu, mara nyingi hukuuzia akiba yako mwenyewe.

NAIROBI SI GARISSA

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Garissa, kando ya Mto Tana, iko chini sana, mita 150 hivi. Ingawa joto la Garissa hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na joto huipunguzia hewa uzito, bado hewa ya huko ni nzito kuliko ya Nairobi kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi.

Maana yake ni nini? Gari lililopimwa na kunolewa Nairobi pekee halikuwahi kuonja hewa ya Garissa. Likifika huko na kukanyagwa sawasawa, hewa inayoingia huzidi ile fundi aliyoipima. Magari ya kisasa yana vipimo vya kurekebisha jambo hilo, lakini iwapo pampu ya petroli ilikuwa tayari imefikishwa ukingoni, haina cha kuongeza. Petroli hupungua, joto hupanda, na injini huanza kugonga.

Kugonga huko si kelele ya kupuuzwa. Ni petroli inayojiwasha yenyewe ndani ya silinda kabla moto wa plagi haujaifikia. Kishindo chake hupasua ringi, hutoboa pistoni na huharibu gasketi. Isitoshe, matoleo mengi ya WRX ya Japani yalitengenezwa yakitarajia petroli ya hali ya juu ya huko, ambayo huwa karibu na oktani 100. Usitarajie kuipata kila kituo kati ya Mwingi na Dadaab.

SAFARI YA IFO

Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991, watu walipokimbia vita Somalia. Hagadera na Dagahaley zilifuata, na zote tatu zilikuwa zimepangiwa watu 90,000. Kufikia mwaka 2011 eneo la Dadaab lilikuwa na zaidi ya watu 400,000. Kutoka Garissa hadi huko ni takriban kilomita 100, katika nchi ya mchanga na joto.

Mchanga ni adui wa gari la mbio. Gari hutambaa polepole huku injini ikifanya kazi nzito, na upepo wa kuipoza radieta ni mdogo. Tumbo la gari liko chini, na jiwe moja laweza kulipasua bakuli la oili. Nayo ile filta ya wazi inayopendwa na vijana kwa mlio wake yaweza kuvuta vumbi jembamba pamoja na hewa ya moto ya chini ya boneti. Vumbi hilo husaga silinda kama msasa.

Ukifika sokoni Ifo, watazame wenye jenereta wanaouzia maduka umeme. Injini zao hufanya kazi kutwa, siku baada ya siku. Mwenye busara haipakii jenereta yake hadi ikakohoa. Huacha nafasi, hubadilisha oili kwa wakati na hukung'uta filta. Anajua kwamba injini ikifa, chakula cha watoto kimekufa nayo.

FUNZO LA SAFARI RALLY

Pengine utasema: “Mbona magari ya Safari Rally hunolewa na hushinda?” Ni kweli. Colin McRae alishinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza. Lakini nyuma yake palikuwa na kikosi cha mafundi, vipuri tele na magari yaliyoimarishwa kila upande. Wewe nyuma yako kuna mke na watoto wawili. Mkumbuke pia Joginder Singh, aliyeshinda na nduguye Jaswant mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika. Katika Safari, gari lisilofika halishindi, hata likiwa na nguvu kiasi gani.

BASI UFANYEJE?

Kwanza, mlipe fundi hodari akupimie injini kama ilivyo: plagi, filta, mipira ya hewa, pampu ya petroli, radieta na feni. Gari nyingi zinazodhaniwa hazina nguvu ni gonjwa tu.

Pili, breki, tairi na shokomzoba zitangulie. Sheria hairuhusu gari dogo kupita kilomita 110 kwa saa hata katika barabara kuu. Nguvu ya ziada utaitumia wapi?

Tatu, kuna kazi moja ya kompyuta inayostahili pesa zako: kuirekebisha hesabu ya injini ilingane na petroli yetu na joto letu. Huenda ukapoteza nguvu kidogo, lakini utarudishiwa akiba. Mwambie fundi waziwazi kwamba gari litashuka Garissa, na hakikisha anakuwekea nakala ya hesabu ya kiwandani.

Nne, ukibadilisha lolote, liarifu shirika lako la bima. Ukificha, huenda siku ya ajali ukajikuta peke yako.

Siku moja simu italia usiku kwamba shangazi amezidiwa na anahitaji kufikishwa hospitali ya Garissa. Siku hiyo hutauliza gari lako lina nguvu za farasi ngapi. Utataka kujua jambo moja tu: litawaka, na litafika? Mwenda pole hajikwai.