Marereni na Mistari Inayofuata Maji

Anayetoka Malindi kwenda Garsen hufika Marereni akiwa na bahari mkono wa kulia na nyika mkono wa kushoto. Upande wa bahari ni mashamba ya chumvi. Upande wa bara, nchi hupanda polepole mno kupitia Adu hadi ranchi za Galana na Kulalu, mali ya serikali, zenye zaidi ya ekari milioni 1.5 za vichaka na nyasi kavu. Kwa macho tu, kote huko ni tambarare moja.

Ramani inasema vingine.

Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Mistari ya kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari: ikibanana, pana mteremko mkali, ikiachana, nchi imelala. Ikiwa mistari miwili iliyopishana kwa mita 20 ina sentimita 10 kati yake, mtu atatembea kilomita 5 nchi ikipanda mita 20 tu. Mguu hausikii mteremko huo. Maji yanausikia.

Hapo ndipo ramani inapomfaa mfugaji. Kontua zikijipinda kama herufi V, ncha ikielekea kwenye mwinuko, pana bonde au korongo. Mstari wa buluu uliokatikakatika ni mto wa msimu. Mikondo miwili inapokutana ndipo pa kwanza kwenda kukagua udongo kabla ya kuchimba lambo.

Ziko sura zinazojitambulisha zenyewe. Huko Marafa, kwenye magenge mekundu ya Nyari, mvua imeumega mchanga ulioshikana ukawa kuta za wima. Mbali zaidi bara, uwanda wa Yatta, lava iliyoganda kwa urefu wa karibu kilomita 300, huonekana kama safu mbili za mistari iliyobanana, katikati peupe.

Lakini ramani nyingi za namna hii zilichorwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani miongo mingi iliyopita. Lambo lililochimbwa baadaye halimo, wala kisima kilichogeuka chumvi. Hayo anayajua mchungaji wa Kiorma na mkulima wa Kigiriama.

Basi kamati za maji za Marereni na Adu zipewe ramani za maeneo yao, zikae nazo pamoja na wachungaji, kabla tingatinga halijaanza kuchimba.